Paka Wakubwa Wasio na Pori la Kurudi

Kituo cha makimbilio cha paka wa mwituni ni taasisi inayowapokea simba, chui, chui milia, puma, mondo na jamaa zao waliozaliwa na kukulia mikononi mwa binadamu, ikawatunza mpaka kufa kwao, bila kuwauza, bila kuwazalisha na bila kumruhusu mtazamaji yeyote kuwagusa. Masharti hayo matatu ndiyo yanayokitofautisha kituo cha aina hii na hifadhi ya taifa, ambako mnyama yuko kwao na hujitafutia riziki yake, na pia na bustani ya wanyama, ambayo kwa kawaida huzalisha na kubadilishana wanyama na bustani nyingine ili maonyesho yake yasipungukiwe. Vituo vingi vya namna hii viko Marekani, nchi ambayo haina simba wala chui milia wa porini hata mmoja, na jambo hilo, linaloweza kumshangaza msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea kumhesabu simba kuwa ni wa pori na wa serikali, ndilo linalohitaji kuelezwa kabla ya mengine yote.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 sheria za shirikisho nchini Marekani hazikumzuia raia kumiliki paka mkubwa nyumbani kwake, bali ziliyaachia majimbo kuamua, na majimbo hayo yalitofautiana mno: mengine yalipiga marufuku, mengine yalidai leseni tu, na mengine hayakudai chochote. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 1966, inayosimamiwa na Wizara ya Kilimo, iliwagusa zaidi wafanyabiashara na waonyeshaji wa wanyama, na viwango vilivyotokana nayo kuhusu ukubwa wa vizimba na matunzo vilikuwa vya chini. Matokeo yake ni kwamba chui milia waliozaliana katika mashamba, nyuma ya nyumba na katika bustani za kando ya barabara kuu walifikia maelfu, bila kuwapo daftari moja la kuwahesabu, ilhali makadirio ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile ya mwaka 2022 yanawaweka chui milia wa porini duniani kote kati ya 3,726 na 5,578.

Injini ya ongezeko hilo ilikuwa biashara ya picha. Mtoto wa chui milia au wa simba aliondolewa kwa mama yake akiwa na siku chache tu, akanyweshwa maziwa kwa chupa, kisha wageni wakalipa ili wampakate na kupigwa naye picha. Biashara hiyo ilikuwa na muda mfupi sana, kwa kuwa mtoto aliye chini ya wiki 8 hana kinga ya kutosha dhidi ya maradhi yatokanayo na mikono ya watu, naye akishavuka wiki 12 hivi huwa na meno na nguvu za kumjeruhi mgeni. Kwa hiyo mwenye biashara aliyetaka kufungua milango yake mwaka mzima alilazimika kuzalisha watoto wapya bila kikomo. Mnyama huyo, aliyeingiza fedha kwa mwezi mmoja tu, anaweza kuishi miaka 20, na katika miaka yote hiyo atakula nyama, atahitaji daktari na atahitaji uzio imara. Ni nani atakayelipa? Kwa miongo kadhaa jibu la swali hilo limekuwa kituo cha makimbilio, na haitakuwa kosa kusema kwamba vituo hivi ni mahali ambapo deni la starehe ya watu wengine hulipwa kwa awamu ndefu.

Chui milia weupe wanaonyesha sura nyingine ya biashara hiyohiyo. Karibu wote walioko katika vizimba vya dunia wanatokana na dume mmoja, Mohan, aliyekamatwa mwaka 1951 huko Rewa, India, na kupandishwa kwa binti yake mwenyewe ili rangi hiyo irudi. Weupe huo si spishi wala aina ya pekee inayohitaji kuokolewa, bali ni hitilafu ya jeni iliyodumishwa kwa kuzalisha ndugu na ndugu kizazi baada ya kizazi, na jeni hiyohiyo huvuruga njia za neva zinazounganisha macho na ubongo, ndiyo maana wengi wao wana makengeza. Zaidi ya hayo kuna kasoro za mifupa, kaakaa na figo zinazoletwa na uzazi wa karibu. Mtangazaji anayeuza tiketi kwa maneno kwamba anamwokoa chui milia mweupe asitoweke duniani anawauzia wageni wake uongo, na chama cha bustani za wanyama cha Marekani kilikwishawakataza wanachama wake kuwazalisha wanyama hao kwa ajili ya rangi.

Wanyama wengine huingia vituoni kwa njia tofauti kabisa. Bolivia ilipopiga marufuku matumizi ya wanyama katika sarakasi mwaka 2009, na serikali yake ikawataifisha simba waliokuwa wakizungushwa mjini katika magari yenye vizimba, simba 25 walisafirishwa kwa ndege mwezi Februari 2011 hadi Colorado, wakapokelewa na kituo kiitwacho The Wild Animal Sanctuary karibu na mji wa Keenesburg, kilichoanzishwa mwaka 1980. Kituo hichohicho kilipokea mwaka 2022 simba 9 waliotolewa Odessa, Ukraine, wakipitia Romania, baada ya vita kuifanya bustani yao isikalike. Baadhi ya wanyama hutoka kwa watu binafsi waliofilisika, waliofariki, au waliogundua kwamba mnyama wa kilo 200 hawezi tena kukaa sebuleni. Tukio lililoyaamsha macho ya Wamarekani wengi lilitokea tarehe 18 Oktoba 2011 karibu na Zanesville, Ohio, ambako mmiliki mmoja alifungua vizimba vyake jioni, kisha akajiua, na askari wa kaunti, ambao hawakuwa na bunduki za sindano za usingizi wala mafunzo ya kazi hiyo, walilazimika kuwapiga risasi wanyama hao gizani karibu na makazi ya watu. Chui milia 18 na simba 17 walikufa. Jimbo la Ohio, lililokuwa miongoni mwa yale yenye sheria hafifu, lilitunga sheria kali mwaka uliofuata.

Msomaji wa Kenya au Tanzania anaweza kuuliza kwa nini wanyama hawa wasirudishwe porini, hasa kwa kuwa Kenya ndiyo iliyoipa dunia mfano maarufu kuliko yote wa kurudishwa huko. Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson na kuachiwa huru katika eneo la Meru, alizaa na kulea watoto porini kabla ya kufa mwaka 1961. Christian, simba aliyenunuliwa mwaka 1969 katika duka la Harrods jijini London, alisafirishwa hadi Kora, karibu na Mto Tana, naye George Adamson akamfundisha taratibu kuishi kama simba. Hata hivyo, katika kambi hiyohiyo ya Kora, mwaka 1971, simba mwingine aliyezoeshwa watu, Boy, alimuua mfanyakazi wa kambi, na Adamson mwenyewe ikambidi ampige risasi. Sehemu hii ya kisa husimuliwa mara chache kuliko ile ya Christian kuwakumbatia mabwana zake wa zamani, ingawa kwa mtu anayetaka kuielewa kazi ya vituo vya makimbilio ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu inaonyesha kwamba simba aliyezoea watu hamwogopi mtu hata akiwa porini, na asiyemwogopa mtu humsogelea.

Paka walioko Marekani wana vikwazo vingine juu ya hicho cha kutomwogopa mtu. Chui milia wa huko wamechanganywa damu za jamii mbalimbali za Asia kiasi kwamba hakuna msitu unaoweza kutajwa kuwa ni kwao. Wapo walio machotara wa simba dume na chui milia jike, wanyama wakubwa kupita wazazi wao wote wawili, ambao pori halijawahi kuwajua. Wengi waling'olewa kucha wakiwa wadogo, na kung'oa huko si kukata kucha bali ni kukata pingili ya mwisho ya kila kidole pamoja na mfupa wake, upasuaji ambao Wizara ya Kilimo ya Marekani iliutangaza mwaka 2006 kuwa haukubaliki kwa wanyama wala nyama wa mwituni. Mnyama aliyefanyiwa hivyo hutembea akiegemea nyuma ya wayo, hupata maumivu ya viungo mapema, na hawezi kushika windo. Kumwachia porini kungekuwa ni kumtupa.

Kwa kuwa watakaa kituoni maisha yao yote, kazi ya kwanza ya kituo ni uzio na milango. Uzio wa simba na chui milia katika vituo vinavyofuata viwango vizuri hufikia mita 3.6 au zaidi, ukiwa na sehemu ya juu iliyoinamishwa ndani ili mnyama asipate pa kushika, na nyavu zake huzikwa ardhini au kuwekewa zege ili asichimbe. Chui na puma, ambao hupanda mti kwa urahisi kuliko mtu anavyopanda ngazi, hujengewa vizimba vyenye paa. Kila uwanja una chumba cha pembeni kinachofungwa kwa mlango wa kuteremshwa kwa kamba ya chuma ukiendeshwa kutoka nje, ili mnyama aitwe humo na kufungiwa kabla mtunzaji hajaingia uwanjani kufagia, kukata majani au kusugua beseni la maji. Mahali pa kuingilia pana milango miwili iliyofuatana, ambayo haifunguliwi kwa wakati mmoja. Taratibu hizi zinachosha, na ndiyo sababu vituo vingi hudai kwamba mtunzaji wa pili ahakikishe kila kufuli kwa macho na kwa mkono na kutamka kwa sauti kwamba limefungwa, kwani ajali nyingi katika kazi hii hazitokani na chuma kuvunjika bali na mlango uliosahauliwa na mtu mzoefu aliyekuwa na haraka.

Kanuni inayotokana na hayo ni kwamba hakuna mtu anayeingia alipo paka mkubwa aliye macho, hata kama mtu huyo ndiye aliyemnywesha maziwa utotoni. Watu wa nje huiona kanuni hii kuwa ya ukavu, kwa sababu wamezoea kuona katika televisheni na mitandao mtu akilala kifuani pa simba, lakini simba anayecheza na mwenzake humng'ata shingoni na kumkwaruza kwa kucha bila ubaya wowote, naye akimfanyia mtu hivyohivyo kwa upendo uleule, matokeo ni maziko. Kituo kinachochapisha picha za wafanyakazi wake wakiwakumbatia paka wakubwa, hata kama kinajiita makimbilio, kinawafundisha watazamaji kwamba jambo hilo linawezekana, na kwa njia hiyo kinawatengeneza wanunuzi wa kesho.

Chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya siku na ya bajeti. Chui milia mzima hupewa takriban kilo 4 hadi 7 za nyama kwa siku, kwa kutegemea umri, uzito na majira ya mwaka, na vituo vingi humwacha bila mlo siku moja katika wiki, kwa kuwa porini paka hali kila siku. Kituo chenye paka wakubwa 60, kwa wastani wa kilo 5 kwa kila mmoja, kinahitaji kilo 300 za nyama kila siku ya kulisha. Nyama hiyo hununuliwa ikiwa imegandishwa, huyeyushwa polepole katika chumba cha baridi ili isiote bakteria, hupimwa kwa mzani kwa jina la kila mnyama, na dawa za wale wagonjwa hufichwa ndani ya kipande kimoja kinachotolewa kwanza, mnyama akiwa na njaa, ili mtunzaji aone kwa macho yake kwamba kimemezwa.

Wamiliki binafsi hukosea mara nyingi zaidi katika aina ya chakula kuliko katika kiasi. Paka, mkubwa kwa mdogo, ni mla nyama asiye na njia mbadala: mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini A kutokana na mboga, na unahitaji taurini, kirutubisho kipatikanacho katika nyama na hasa katika moyo wa mnyama, ambacho kikikosekana macho hupofuka na misuli ya moyo hulegea. Lakini mnofu mtupu nao hautoshi. Porini simba hula pamoja na mnofu mifupa laini, ngozi na viungo vya ndani, na kwa njia hiyo hupata kalisi ya kulinganisha na fosforasi nyingi iliyomo katika nyama. Mtoto wa simba anayelishwa kifua cha kuku peke yake kwa miezi michache hupata matege, uti wake wa mgongo hupinda, na miguu yake huvunjika kwa kuruka tu kutoka juu ya kochi. Vituo vya makimbilio huwapokea watoto wa namna hii mara kwa mara, na wengine, ingawa hupona, hubaki vilema wa kudumu wanaojengewa majukwaa ya chini na ngazi za mteremko.

Nyama ya msaada nayo ina hatari zake. Maduka makubwa huvipa vituo nyama inayokaribia kwisha muda wake, jambo linaloviokoa kifedha, na wafugaji wa jirani hutoa ng'ombe na farasi waliokufa. Farasi aliyeuawa na daktari kwa sindano ya pentobabitali, dawa ya kumaliza maisha ya mnyama bila maumivu, hawezi kutumiwa, kwa maana dawa hiyo haiharibiki baada ya kifo na imekwishawaua wanyama waliokula mizoga ya namna hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza linaloulizwa mfadhili wa mzoga huwa ni namna mnyama wake alivyokufa. Tishio jipya zaidi limetoka kwa kuku. Homa ya mafua ya ndege iliwaua au kulazimisha kuuawa chui milia 147 katika kituo kimoja cha maonyesho nchini Thailand mwaka 2004, baada ya kulishwa kuku wabichi, na miaka 20 baadaye, mwishoni mwa mwaka 2024, virusi vya jamii hiyo viliua paka 20 katika kituo cha makimbilio cha jimbo la Washington, zaidi ya nusu ya wote waliokuwapo, wakiwemo puma 4 na chui milia mmoja, ndani ya wiki chache. Kupika nyama huua virusi lakini hupunguza taurini inayotoka na mchuzi, hivyo vituo vilivyozoea kuwalisha paka kuku na bata vimelazimika kuchagua kati ya kubadilisha nyama, kugharimia virutubisho vya kuongeza, na kuendelea kwa tahadhari.

Tiba ya mnyama asiyeshikika imebadilika sana katika miongo ya karibuni. Zamani kila sindano ilimaanisha kumpiga mnyama kwa bunduki ya dawa ya usingizi, jambo linalomtia hofu na ambalo kwa paka mzee mwenye figo dhaifu linaweza kuwa hatari kuliko ugonjwa wenyewe. Siku hizi mtunzaji humzoesha mnyama kidogo kidogo kushiriki matibabu yake. Hutumia fimbo ndefu yenye tufe mwishoni, ambayo mnyama hujifunza kuigusa kwa pua ili apate kipande cha nyama. Kisha fimbo hiyo humwongoza alale ubavu wake ukigusa wavu, na baada ya wiki au miezi ya mazoezi mkia wake huvutwa taratibu kupitia uwazi mdogo chini ya mlango. Mtunzaji mmoja hubaki kichwani akimdondoshea maziwa ya mbuzi kwa chupa ya kubinya, daktari hunyoa sehemu ndogo ya mkia, hutafuta mshipa na kuvuta damu ya kupimwa, na chui milia wa kilo 180 huendelea kulamba maziwa. Mnyama ana ruhusa ya kuondoka wakati wowote, nayo ndiyo siri ya mafanikio ya mbinu hii: anayejua kwamba anaweza kuondoka hukaa.

Damu hiyo hupimwa zaidi kwa ajili ya figo, kwani paka wengi wanaolindwa dhidi ya njaa, majeraha na maadui huishi hadi umri ambao wenzao wa porini hawaufikii, na figo ndizo huchoka kwanza. Hufuatiwa na viungo, meno na saratani. Kituo cha makimbilio, kwa maana hii, ni nyumba ya wazee kuliko kilivyo kitalu cha watoto wa kupendeza, na uamuzi mgumu unaowarudia watunzaji wake kila mwaka ni ule wa kujua siku ambayo dawa zimeacha kurefusha maisha na zimeanza kurefusha maumivu.

Suala la uzazi huwachanganya wageni wengi, ambao hudhani kwamba kuzaliana ni dalili ya mnyama mwenye furaha na kwamba kila mtoto anayezaliwa ni hatua ya kuiokoa spishi. Mipango ya kweli ya uzazi wa wanyama walio hatarini huendeshwa kwa vitabu vya nasaba, ambamo wazazi wa kila mnyama wanajulikana, na wanyama wa makimbilio, wenye damu iliyochanganyika na nasaba isiyojulikana, hawana nafasi humo. Kila mtoto anayezaliwa kituoni huchukua nafasi ya mnyama mwingine anayesubiri kuokolewa. Kwa hiyo majike hufungwa kizazi kwa upasuaji, kwa kuwa vipandikizi vya homoni vilivyotumika zamani vimehusishwa na saratani za kizazi na za matiti katika paka. Madume ya chui milia huhasiwa. Lakini dume la simba hufungwa mirija tu, kwa sababu akihasiwa hupukutikwa na manyoya marefu ya shingoni, akabaki na sura ya jike na kupoteza heshima yake mbele ya wenzake.

Mnyama aliyeshiba na mwenye afya bado anaweza kuharibikiwa kwa uchovu wa kukaa bure, unaojulikana kwa kutembea huku na huko juu ya mstari uleule wa ardhi mpaka njia ikachimbika. Dawa yake ni kuvuruga mazoea: nyama hufichwa ndani ya maboga au masanduku ya karatasi ngumu, mdalasini na viungo vingine hunyunyizwa juu ya magogo, mabwawa huchimbwa kwa ajili ya chui milia ambao hupenda maji, na wanyama huhamishwa kwa zamu kutoka uwanja mmoja hadi mwingine ili wanuse harufu za wenzao. Manukato ya watu nayo yana kazi yake. Majaribio yaliyofanywa katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York yalionyesha kwamba paka wakubwa walivutwa mno na manukato ya kiume ya kampuni ya Calvin Klein yaitwayo Obsession, na tangu hapo watafiti wa misituni wameyatumia kuwavuta paka mbele ya kamera. Kituo cha Keenesburg kimelishughulikia jambo hili kwa njia yake, kwa kuwapa wanyama maeneo ya ekari nyingi na kuwapitisha wageni juu ya daraja lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, kwa hoja kwamba paka hamhesabu kiumbe aliye juu sana kuwa ni mvamizi wa ardhi yake, hivyo haoni sababu ya kuzungukazunguka kwa wasiwasi.

Fedha za kuendeshea haya yote hutoka kwa wafadhili wadogo wadogo, wasia wa marehemu, viingilio vya wageni pale wanaporuhusiwa, na jasho la wafanyakazi wa kujitolea na wanafunzi wa mafunzo kazini. Hapo ndipo udanganyifu hupata mlango, kwa sababu neno makimbilio halikuhitaji kibali cha mtu yeyote, na bustani za kando ya barabara zilizokuwa zikiuza picha na watoto wa chui milia zilijibandika jina hilo ili zichangiwe. Shirikisho la Kimataifa la Makimbilio ya Wanyama, lililoundwa mwaka 2007, hutoa ithibati kwa vituo baada ya kuvikagua, likiangalia vizimba na tiba, lakini pia hesabu za fedha na mpango wa kile kitakachowapata wanyama iwapo mwanzilishi atafariki. Swali hilo la mwisho si la urasimu. Vituo vingi huanzishwa na mtu mmoja mwenye huruma nyingi, na huruma isiyo na daftari la mahesabu imekwishazaa msiba uleule iliokusudia kuuondoa: mwanzilishi hupokea wanyama kupita uwezo wake, nyama hupungua, uzio huoza, na mwishowe makimbilio yenyewe huhitaji kuokolewa. Kituo cha Turpentine Creek, huko Arkansas, kilianzishwa mwaka 1992 baada ya mfugaji mmoja kufika na paka wakubwa 42 wakiwa ndani ya matela ya ng'ombe, akitafuta wa kumtua mzigo.

Big Cat Rescue ya Tampa, Florida, iliyoanza pia mwaka 1992, ni mfano wa kituo kilichofikia mwisho kilioutaka. Katika miaka yake ya mwanzo kilizalisha paka, kisha kikaacha, kikageuka kuwa sauti kubwa ya kudai sheria ya shirikisho. Sheria hiyo, ya Usalama wa Umma dhidi ya Paka Wakubwa, ilitiwa saini tarehe 20 Desemba 2022. Inakataza raia kumiliki simba, chui milia, chui, chui wa theluji, jaguari, duma, puma na machotara wao. Inakataza wageni kuwagusa hata watoto wao. Na wale waliokuwa nao tayari walipewa hadi tarehe 18 Juni 2023 kuwaandikisha, wakiruhusiwa kubaki nao bila kuzalisha wala kuongeza. Mwaka huo wa 2023 kituo cha Tampa kilitangaza kwamba kitawahamishia paka wake waliobaki Turpentine Creek na kuifunga milango yake, kwa kuwa kuendesha eneo zima kwa ajili ya paka wachache waliozeeka hakukuwa na maana tena. Watu wengi waliichukulia habari hiyo kama anguko. Ilikuwa kinyume chake, kwani kwa taasisi ya aina hii kukosa wateja ndiko kufaulu.

Mahitaji, hata hivyo, hayakwishi kwa sheria ya nchi moja. Umoja wa Falme za Kiarabu ulipiga marufuku watu binafsi kumiliki wanyama wakali kwa sheria ya mwaka 2016, lakini watoto wa duma wameendelea kuibwa kutoka Ethiopia na Somalia na kuvushwa Ghuba ya Aden kwa mashua kuelekea Bara Arabu, na wale wanaokamatwa njiani hulelewa Somaliland katika kituo cha Cheetah Conservation Fund, shirika lililoanzishwa Namibia mwaka 1990. Watoto hao hufika wakiwa na wiki chache, wamekauka kwa kuhara na kukosa maji, na matatizo yao ya mifupa na chakula ni yaleyale ya watoto wa simba wa Marekani.

Nchini Marekani kwenyewe, sheria ya mwaka 2022 iliwaacha nje paka wa kimo cha kati. Mondo, paka mwenye miguu mirefu na masikio makubwa anayewinda panya katika nyasi za Serengeti na Laikipia, bado anauzwa kihalali katika majimbo kadhaa, akitafutwa yeye mwenyewe au machotara wake na paka wa nyumbani, waliozalishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1986. Januari 2023 mondo mmoja, dume aitwaye Amiry, alitoroka katika gari la mwenyewe lililosimamishwa na polisi mjini Cincinnati, akapanda mti, akavunjika mguu wakati wa kuteremshwa, na alipopimwa alikutwa na kokeini mwilini. Akaishia katika bustani ya wanyama ya mji huo. Mondo dume hutia alama mipaka yake kwa kunyunyiza mkojo juu ya kuta na vitanda, tabia ambayo kuhasiwa hakuiondoi kila mara, na ndiyo inayowafanya wamiliki wengi kupiga simu vituoni kabla mnyama hajafikisha miaka mitatu. Kwa hiyo vituo vilivyopunguziwa simba na chui milia vinajenga sasa vizimba vya aina nyingine, vidogo zaidi, vyenye matundu membamba kila upande na paa, kwa kuwa mondo huruka juu karibu mita 3 kutoka aliposimama.